Katalogi inasema kipo, rafuni hakipo: mwongozo kamili wa kupata kitabu maktabani na kukirudisha mahali pake

Mitihani ikikaribia, kaunta ya maktaba ya chuo hupokea lalamiko lilelile kutwa: "Kaka, kompyuta inasema kitabu kipo, nimezunguka ghorofa nzima sijakiona." Mkutubi akiongozana na mwanafunzi huyo hadi rafuni, mara nyingi kitabu hupatikana rafu mbili tu kutoka pale alipokuwa akitafuta. Mara nyingine kweli hakipo mahali pake, na sababu ni kwamba aliyekirudisha alisoma namba vibaya kama alivyoisoma yule anayekitafuta.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa watu wawili: mwanafunzi anayesaka kitabu, na mwanafunzi anayefanya kazi ya muda maktabani, yule anayesukuma troli na kupanga rafu. Hatua ya 1 hadi ya 7 ni za wote. Ya 8 hadi ya 10 ni za mwenye troli, ila hata usiye na zamu maktabani zisome, maana zitakuonyesha vitabu hupotelea wapi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho cha chuo ambacho muda wake haujaisha.
- Karatasi na kalamu, au simu yenye kamera.
- Mchoro wa maktaba. Kwa kawaida hubandikwa karibu na mlango au kando ya ngazi. Upige picha mara moja, utakufaa muhula mzima.
- Kwa mwenye zamu: troli, vizuizi vya vitabu (vile vyuma vilivyokunjwa mithili ya herufi L), kigoda imara cha kupandia na kitambaa kikavu cha vumbi.

## Hatua ya 1: Tafuta kwenye katalogi kwa maneno machache

Usiandike jina zima la kitabu kama lilivyo kwenye orodha ya mhadhiri. Neno moja likikosewa herufi, katalogi inaweza kukuambia hakuna kitu. Andika jina la mwisho la mwandishi na neno moja zito kutoka kwenye jina la kitabu.

Majina yetu yana tahajia nyingi. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni majina matatu tofauti machoni pa kompyuta. Ukikosa kwa tahajia moja, jaribu nyingine kabla hujakata tamaa.

Ukikipata kitabu, soma mambo matatu kwenye ukurasa wake:

Mahali. Ni maktaba kuu au ya kitivo? Ni ghorofa gani? Ni rafu za kawaida, ni Rejea, au ni hifadhi maalumu? Vitabu vya Rejea husomwa humohumo maktabani. Vya hifadhi maalumu, ambavyo huwa ni vile vinavyogombewa na darasa zima, hutolewa kaunta kwa saa chache tu. Vyuo kadhaa vina pia chumba cha machapisho ya Afrika Mashariki, ambacho kina utaratibu wake wa kuingia na kusoma. Wapo wanaosaka saa nzima kwenye rafu za kawaida kitabu kilichokaa nyuma ya kaunta muda wote huo.

Hali. Kipo, kimeazimwa, au kimewekewa mtu mwingine? Kama kimeazimwa, angalia tarehe ya kurudishwa na uombe kuwekewa kikirudi.

Namba ya kitabu. Hii ndiyo anwani yake, na ndiyo ileile iliyobandikwa mgongoni mwake.

*Utajua umefaulu:* unaweza kusema bila kuitazama kompyuta kitabu kiko ghorofa gani na kama kinaruhusiwa kutoka.

## Hatua ya 2: Nakili namba yote, hadi herufi ya mwisho

Piga picha kioo cha kompyuta, au iandike namba kwenye karatasi jinsi ilivyo, pamoja na nukta na mwaka. Usiikariri. Anayekariri hubaki na "QA76 na kitu", na chini ya QA76 kunaweza kuwa na makabati kadhaa, kwa sababu vitabu vingi vya kompyuta hukaa hapo.

Tahadhari: nukta ina maana. Ukiiruka, umebadilisha anwani.

## Hatua ya 3: Tambua maktaba yako inatumia mfumo gani

Mifumo miwili ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

Ukiona namba inaanza na tarakimu tatu, kama 657 au 967.8, huo ni mfumo wa Dewey. Ukiona inaanza na herufi moja, mbili au tatu, kama PL8704 au HF5635, huo ni mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na unapendwa na maktaba kubwa za vyuo vikuu. Maktaba za tiba nyingine hutumia pia herufi W kwa vitabu vya utabibu. Herufi hiyo haimo kwenye mfumo wa Bunge la Marekani, kwa hiyo usishangae ukiikuta.

Haya ni maeneo machache ambayo wanachuo wetu huyaulizia sana:

- Kiswahili, lugha na fasihi yake: PL8701 hadi PL8704 kwa mfumo wa herufi. Kwa Dewey, lugha ni 496.392 na fasihi ni 896.392.
- Historia ya Kenya: DT433.5 kwa herufi, 967.62 kwa Dewey.
- Historia ya Tanzania: DT436 hadi DT449 kwa herufi, 967.8 kwa Dewey.
- Uhasibu: HF5601 hadi HF5689 kwa herufi, 657 kwa Dewey.
- Lugha za programu za kompyuta: QA76.73 kwa herufi, 005.133 kwa Dewey.

Angalia hapo kwenye Kiswahili: kwa Dewey, sarufi na riwaya haziko pamoja. Moja iko kwenye mia nne na nyingine kwenye mia nane, pengine hata ghorofa tofauti. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezoea upande mmoja tu hukosa nusu ya vitabu vyake.

## Hatua ya 4: Soma namba mstari kwa mstari

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo tusiharakishe.

Kanuni ni hii: tarakimu zilizo kabla ya nukta husomwa kama namba kamili, zilizo baada ya nukta husomwa kama desimali. Lebo moja hubeba aina zote mbili za usomaji. Anayetumia aina moja kwa lebo nzima lazima apotee.

### Mfumo wa herufi

Chukua kitabu cha lugha ya Python. Lebo yake huanza hivi: QA / 76.73 / .P98, kisha hufuata herufi na namba ya mwandishi, kisha mwaka.

*Mstari wa herufi.* Panga kwa alfabeti. P peke yake hutangulia PL, na PL hutangulia PN. Isiyo na kitu hutangulia yenye kitu. Kanuni hiyo itakufaa kila mahali maktabani.

*Namba inayofuata.* Kabla ya nukta ni namba kamili: QA9, kisha QA76, kisha QA276, kisha QA303. Baada ya nukta ni desimali: QA76.73 hutangulia QA76.9, kwa sababu sabini na tatu kwa mia ni ndogo kuliko tisa kwa kumi. Wengi huliona hilo 73 wakadhani ni kubwa kuliko 9.

*Herufi na namba baada ya nukta ya pili.* Hapa kila kitu ni desimali. Tazama lugha nne za programu zinazokaa jirani:

- .P22 ni Perl
- .P224 ni PHP
- .P76 ni Prolog
- .P98 ni Python

Ukizisoma kama namba kamili, 224 ni kubwa kuliko 98, kwa hiyo utamtafuta PHP baada ya Python. Hutamkuta. Yupo kushoto, ameshikana na Perl, kabla hata ya Prolog. Na mwenye zamu akikosea vivyo hivyo, atamweka PHP mwisho wa rafu, na hapo anayejua kusoma namba naye hatamwona.

Njia rahisi ya kujikinga: jazia sifuri mpaka namba zilingane urefu. 22 inakuwa 220, 224 inabaki 224, 76 inakuwa 760, 98 inakuwa 980. Sasa zipange kama kawaida. Fanya hivyo kwenye karatasi mpaka macho yazoee.

*Mwaka.* Toleo la zamani hutangulia. La 2009 liko kushoto kwa la 2018. Ukitumwa toleo la nne, usichukue la kwanza unaloliona, songa kulia.

### Mfumo wa Dewey

Tarakimu tatu za mwanzo ni namba kamili, zinazobaki ni desimali. Chukua rafu ya historia ya eneo letu, kwa mpangilio wake sahihi:

- 967.571 Rwanda
- 967.572 Burundi
- 967.61 Uganda
- 967.62 Kenya
- 967.8 Tanzania

Mwenye kusoma harakaharaka huona 8 ni ndogo kuliko 571 akaitafuta Tanzania mwanzoni mwa rafu. Iko mwisho. Linganisha tarakimu moja moja kutoka kushoto: 5 hutangulia 6, na 6 hutangulia 8. Ukipata tofauti ya kwanza, simama hapo. Tarakimu zinazofuata hazibadilishi kitu.

Mstari wa pili wa lebo ya Dewey kwa kawaida ni herufi tatu za mwanzo za jina la mwandishi. Panga kwa alfabeti.

*Utajua umefaulu:* andika namba tano za vitabu vya kozi yako kwenye vipande vya karatasi, vichanganye, kisha uvipange. Ukivipanga bila kusita, umeshavuka sehemu ngumu.

## Hatua ya 5: Itembee rafu kwa njia inayopangwa

Kila safu ya makabati ina kibandiko mwishoni kinachoonyesha namba ya kwanza na ya mwisho ya safu hiyo. Kisome kabla hujaingia, usije ukakagua safu nzima bure.

Ukishaingia, kumbuka kwamba vitabu hupangwa kabati kwa kabati. Unaanza rafu ya juu ya kabati la kwanza, unasoma kushoto kwenda kulia hadi nguzo ya kabati, kisha unashuka rafu ya pili ya kabati hilohilo, hadi chini kabisa. Baada ya hapo ndipo unahamia kabati linalofuata, ukianza tena juu.

Wageni hufuata rafu ya juu kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho wake, wakivuka nguzo zote. Namba zinawarukia, wanadhani vitabu vimechanganyika, wanaondoka. Ukiona namba zimeruka ghafla ulipovuka nguzo, rudi ulikotoka ushuke chini.

## Hatua ya 6: Kama bado hakionekani

Kabla hujaenda kaunta, kagua sehemu hizi kwa mpangilio huu:

1. Vitabu vitano kushoto na vitano kulia kwa mahali pake.
2. Rafu ya juu na ya chini yake, sehemu ileile.
3. Nyuma ya vitabu. Chembamba husukumwa kikalala kwa nyuma.
4. Rafu ya vitabu vikubwa. Atlasi na vitabu virefu mara nyingi hutengewa mahali pao.
5. Meza za kusomea zilizo karibu, na troli ya vitabu vinavyosubiri kurudishwa.
6. Namba zinazofanana kwa kugeuzwa: kama yako ni 657, angalia 675. Kama ni PL, angalia PN.

Ukikikosa kote huko, mwambie mkutubi na umwachie namba kamili pamoja na mawasiliano yako. Hili usilipuuze. Usipotoa taarifa, katalogi itaendelea kuwaambia wenzako kwamba kitabu kipo, nao watazunguka kama ulivyozunguka wewe. Ukitoa taarifa, kitatafutwa rasmi, na kisipopatikana mkutubi atajua kuna nakala ya kununua.

Kuna jambo moja linaniuma. Wako wanaoficha vitabu: cha sheria kinapelekwa kwenye kilimo, nyuma ya majarida ya zamani, ili mwenye kukificha akikute kesho. Darasa lina watu mia mbili na nakala ni tatu. Ukificha moja, umewanyima wenzako ambao hawana fedha za kununua wala kutoa nakala. Kama unakihitaji kesho, kiazime, au omba kaunta wakuwekee. Na kama kila mtu anakihitaji, mwombe mhadhiri aagize kihamishiwe hifadhi maalumu. Maktaba hufanya hivyo ikipokea maombi.

## Hatua ya 7: Kitoe vizuri, kiazime, au kiache mezani

Usivute kitabu kwa kuingiza kidole juu ya mgongo. Hapo ndipo jalada huchanika kwanza. Sukuma ndani kidogo vitabu viwili vya jirani, kushoto na kulia, kisha kishike katikati ya mgongo kwa dole gumba na vidole. Kitatoka chenyewe.

Ukikiazima, hakikisha kimepitishwa kaunta mpaka mwisho na umeoneshwa tarehe ya kurudisha. Lango likilia ukitoka, rudi kaunta kwa utulivu. Pengine kinga ya kitabu dhidi ya wizi haikuzimwa. Usiazime kwa kitambulisho cha rafiki wala usimpe wako. Kikipotea, deni ni la mwenye jina.

Ukikisoma humohumo, ukimaliza kiache mezani au kwenye troli. Watu wengi wenye nia njema hukirudisha wenyewe rafuni. Nia ni nzuri, ila hapo huzaliwa makosa mengi ya mpangilio. Pia, maktaba nyingi huhesabu vitabu vilivyoachwa mezani ili kujua vipi vinatumika. Ukikirudisha kimyakimya, kinaonekana hakina msomaji.

## Hatua ya 8 (wenye zamu): Panga troli kabla hujaisukuma

Hakikisha kwanza kila kitabu kimepokewa kwenye mfumo. Kikirudi rafuni huku kompyuta ikisema bado kiko kwa mtu, mtu huyo ataendelea kudaiwa kitabu alichokwisha kurudisha.

Kisha panga kwa hatua: gawanya kwa ghorofa, halafu kwa herufi za mwanzo (au mamia, kwa Dewey), halafu mstari kwa mstari kama Hatua ya 4. Dakika kumi za kupanga huku umesimama sehemu moja hukuokoa na kuzunguka safu ileile mara tatu.

Vitabu vizito viweke rafu ya chini ya troli, na uzito ulingane pande zote mbili. Troli isukumwe, isivutwe. Ikivutwa hukupanda kisiginoni.

Weka pembeni kitabu chenye lebo iliyobanduka, kurasa zilizolegea au unyevu. Chenye unyevu kisiingie rafuni kabisa, ukungu wake huhamia kwa majirani. Mpe mkutubi siku hiyohiyo.

## Hatua ya 9 (wenye zamu): Kiweke kati ya majirani wake

Usitafute "nafasi iliyo wazi". Tafuta kitabu kinachopaswa kuwa kushoto na kinachopaswa kuwa kulia. Soma lebo zote tatu, hadi mwaka, ndipo ukiingize.

Rafu isijazwe pomoni. Iache nafasi ya kiganja mwishoni, kizuizi kikae wima kushika vitabu visilale. Vikibanwa, msomaji atavuta kwa nguvu na kuchana. Vikilegea, vitapinda mgongo. Kama rafu imejaa, usikihamishie rafu ya chini peke yake. Sogeza vitabu vya mwisho vya rafu hiyo kwa mfuatano, au mwite mkutubi kama kabati lote limejaa.

Rafu za juu zipandie kigoda. Usikanyage rafu ya chini wala troli yenye magurudumu.

Kama ndiyo umeanza kazi, mwombe msimamizi utaratibu huu: kila kitabu unachoweka, kilaze ubavu juu ya wenzake mahali unapoona ni pake. Yeye apite, akague, akisimamishe. Makosa yako utayaona mapema, na msomaji hatayapata.

## Hatua ya 10 (wenye zamu): Kusoma rafu

Kazi hii hudharauliwa, na ndiyo inayoiokoa maktaba. Unapewa kabati moja au mawili, na kazi yako ni kuhakikisha kila lebo iko mahali pake.

Usisome lebo moja moja. Soma mbili mbili: hii na inayofuata, je, ziko sawa? Kisha ya pili na ya tatu. Ukikuta kitabu kisicho mahali pake, kitoe na ukiweke kwenye troli. Usikirudishe hapohapo kwa kukisia. Simama kila baada ya nusu saa, ukafanye kazi nyingine kidogo, kisha urudi. Macho yakichoka huanza kuona kile yanachotarajia kuona.

Futa vumbi unapopita, kwa kitambaa kikavu, ukianza rafu ya juu.

*Utajua umefaulu:* mwenzako achague namba kumi za kabati lako kutoka kwenye katalogi bila kukuambia. Aende azitafute. Zote kumi zikipatikana, au isiyopatikana ikawa imeazimwa, kabati hilo liko sawa.

Neno la ziada kwa wenye zamu: kaunta utaona nani kaazima nini. Kitabu cha ugonjwa, cha talaka, cha dini nyingine. Hayo yaishie hapo. Hata rafiki akikuuliza "nani anacho kile kitabu?", jibu ni tarehe ya kurudi tu, jina hapana.

## Mwisho wa muhula

Kama unahitimu, rudisha vitabu wiki moja kabla ya siku ya kusainiwa fomu ya kutodaiwa. Siku yenyewe foleni huwa ndefu na mfumo huelemewa. Omba risiti au uthibitisho wa kila ulichorudisha, na uutunze hadi upate cheti chako.

Kama kitabu kimekupotea, sema mapema. Uliza kama maktaba inapokea nakala mpya ya toleo lilelile badala ya fedha, na usikinunue kabla hujaambiwa toleo gani linakubalika. Kama kimelowa au kimechanika, kilete kilivyo. Usikigundishe kwa gundi ya karatasi wala selotepu. Hugeuka njano, hula karatasi, na fundi wa vitabu hulazimika kubandua kwanza kabla hajaanza kutengeneza.